Mtoto Anapobisha Hodi: Hotuba kwa Wazazi na Walezi

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mwalimu Mkuu na walimu wenzangu, masheikh na wachungaji wetu, wazazi na walezi wote mliofika: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na shikamooni wazee wangu mlioketi mbele.

Nimepewa heshima ya kusema nanyi siku hii ambayo watoto wetu wanaandikishwa darasa la awali na darasa la kwanza. Nilifundisha madarasa haya ya chini kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kila mwaka, siku ya kwanza ya muhula, niliweza kuona mlangoni malezi ya mtoto kabla hajashika kalamu. Yupo aliyeachia mkono wa mama yake, akalitazama darasa, akageuka kumtazama mama mara moja, kisha akaingia. Yupo aliyeingia kimya, macho chini, na nilipoinua mkono kuandika ubaoni akajikinga uso. Yupo aliyechukua kila alichokitaka mezani pa wenzake, na nilipomwambia asubiri akanishangaa, maana neno hilo alikuwa hajawahi kulisikia likimaanisha kitu. Na yupo aliyekaa popote alipowekwa, asiyeuliza atafuatwa saa ngapi wala na nani. Huyu wa mwisho ndiye aliyenikosesha usingizi kuliko wote, ingawa ndiye aliyekuwa hasumbui.

Nawaomba leo tuzungumze juu ya kuitikiwa. Kwa desturi yetu ya Pwani, mtu hafiki mlangoni pa mwenzake akaingia tu. Hubisha hodi, na aliye ndani humwambia karibu. Akibisha mara tatu bila kuitikiwa, adabu inamtaka ageuke aende zake. Mtoto huanza kubisha hodi siku anayozaliwa: analia, ananyoosha kidole, anakukazia macho anaponyonya, anatoa sauti ambayo bado si neno. Akifika miaka mitatu anabisha kwa maswali yasiyokwisha, akitaka kujua kwa nini mwezi unamfuata kila anakokwenda. Akifika miaka minane huenda asiulize kitu, bali atakuja akae karibu nawe jikoni huku akichezea kifuniko cha sufuria, akingoja umuulize wewe. Wataalamu hukiita kitendo cha kumjibu mtoto wa namna hii malezi yenye mwitikio, na wameyaweka kuwa mojawapo ya nguzo tano katika mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo hizo ndizo zilizobeba programu yetu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba mwaka 2021. Neno mwitikio lisiwatishe kwa kuwa limetoka katika nyaraka. Ni karibu ile ile mnayomwambia jirani kila siku.

Mwitikio una kazi katika mwili wa mtoto pia. Katika miaka ya mwanzo ubongo huunda miunganiko mipya ya chembe za fahamu zaidi ya milioni moja kila sekunde. Inayotumiwa mara kwa mara huimarika, na isiyotumiwa hupunguzwa. Kila mara mtoto anapotoa sauti nawe ukamjibu, akakujibu tena, kuna njia inayokanyagwa ndani ya kichwa chake, kama vile njia ya mguu inavyopatikana shambani kwa kupitwa kila siku.

Najua wapo wanaosema kwamba elimu hii ni ya Wazungu na haituhusu. Kwao nina habari ninayoipenda sana. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia nzima inafundisha leo juu ya mtoto na mlezi wake ilianzia hapa Afrika Mashariki, katika nyumba za akina mama wa Kiganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, na kupitia taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa huko akaanza kuvitembelea vijiji vya jirani. Alipata akina mama 26 wenye watoto wachanga 28. Kwa miezi kadhaa alikuwa akirudi katika nyumba hizo kila baada ya wiki mbili hivi, pamoja na mkalimani, akikaa sebuleni takribani saa mbili kila mara, kama mgeni yeyote wa alasiri, huku akitazama mtoto anafanya nini mama anapotoka chumbani, na anafanya nini mama anaporudi.

Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa mbali naye, hushika vitu, huchungulia wageni, kisha hurudi kumgusa mama kidogo na kwenda tena. Mama alikuwa kwake kama bandari kwa mvuvi: chombo kinathubutu kwenda mbali kwa sababu kina mahali pa kurudi. Mtoto asiye na uhakika huo ndiye aliyekuwa akining'inia na kulia hata akiwa mikononi mwa mama. Tumezoea kuamini kinyume cha haya. Tunasema mtoto akibebwa kila anapolia atazoea mikono na hataweza kusimama peke yake. Watoto wa Uganda, na baadaye watoto wa Baltimore nchini Marekani ambako mtafiti huyo aliendelea na kazi, walionyesha kwamba mtoto anayejibiwa mapema na ipasavyo katika mwaka wa kwanza ndiye anayeelekea kulia kidogo zaidi na kuthubutu zaidi.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1967 kuhusu watoto hao wa Uganda, Ainsworth ameeleza jambo jingine ambalo nimelitumia katika mikutano ya wazazi kwa miaka mingi. Alitaka kujua akina mama ambao watoto wao walikuwa na uhakika wanatofautianaje na wengine. Tofauti mojawapo ilikuwa kwamba mama hao walijua habari za watoto wao kwa undani. Ukiwauliza juu ya mtoto, walisimulia mambo madogo madogo bila kuchoka, na hawakukimbilia kuzungumza mambo mengine. Kwa hiyo nawauliza nanyi, na kila mmoja ajijibu moyoni: mtoto wako anaogopa nini? Rafiki yake anaitwa nani? Jana alicheka kwa sababu gani? Niliwahi kumuuliza baba mmoja maswali haya, mtu mwema anayelipa kila mchango kwa wakati, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniomba ruhusa aende nje.

Mwanasaikolojia mwingine, Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, katika miaka ya 1960 alichunguza watoto wa shule za awali pamoja na wazazi wao, akatofautisha mitindo mitatu ya malezi. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakaipanga upya na kuongeza wa nne. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa mmekwisha kuwaona watoto wa mitindo hiyo pale mlangoni pa darasa langu: wa mzazi anayeweka mipaka na kumsikiliza mtoto, wa mzazi mkali asiyesikiliza, wa mzazi anayedekeza, na wa mzazi aliyemwacha mtoto ajilee. Mpangilio huu unatufundisha kwamba upendo na msimamo ni vitu viwili tofauti, kila kimoja na kipimo chake. Sisi huvihesabu kama ncha mbili za fimbo moja, tukadhani kwamba anayeongeza upendo amepunguza msimamo, na kwamba mzazi hana budi kuchagua kuwa mkali au kuwa mlegevu. Mzazi anaweza kuwa na vyote viwili kwa wingi, na watoto wa mzazi wa namna hiyo ndio ambao, katika tafiti nyingi, wameonekana kujiamini zaidi, kujizuia vizuri zaidi na kufanya vyema zaidi shuleni.

Ndugu wazazi, sijaja hapa kuwahukumu. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka minane nilimtuma dukani na noti ya shilingi 500, akarudi mikono mitupu. Alianza kusema kwamba njiani, karibu na kisima, na mimi sikumwacha amalize. Nilikuwa nimechoka, mshahara ulikuwa umechelewa, nikachukua fimbo ya mpera nikamchapa kwa kupoteza fedha. Baada ya hapo hakupoteza tena hata senti, na nilijisifu kwa majirani kwamba dawa imeingia. Alikuwa na miaka 26 aliponisimulia kwamba siku ile vijana wakubwa walimvizia kisimani wakamnyang'anya, na kwamba kwa karibu mwaka mzima, kila nilipomtuma, alikuwa akizunguka peke yake njia ya nyuma ya makaburi ili wasimwone. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwa upole, bila lawama, "Mama, si nilianza kukwambia siku ile ile?"

Hiyo ndiyo hasara ya fimbo ambayo haionekani mgongoni. Kuna heshima na kuna hofu, nazo zikisimama mbele yako zinafanana kwa kila kitu: mtoto anainamisha kichwa, anasema ndiyo mama, anafanya alichoagizwa. Tofauti yake huonekana mtoto anapopatwa na jambo zito. Anayekuheshimu atakuja kwako kwanza, na anayekuogopa atakuja mwisho au hatakuja kabisa. Mtu mzima mwenye nia mbaya na mtoto huanza kwa kumwambia, "Ukisema, wazazi wako watakuchapa." Maneno hayo yana nguvu katika nyumba ambayo yana ukweli.

Wanaotetea fimbo huniletea methali, na mimi nazipenda methali, kwa hiyo tuzisikilize vizuri. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Aliyewahi kumkunja samaki kabla ya kumbanika anajua kwamba mbichi hukunjika kwa kuwa nyama yake ni laini, na mkono unaofanya kazi hiyo hauhitaji kutumia nguvu. Anayehitaji nguvu ni yule aliyengoja hadi samaki akauke, na huyo atamvunja. Wanasema udongo uwahi ungali maji. Nendeni mkamtazame mfinyanzi anapouwahi udongo wake, jinsi anavyoulowesha, anavyoupapasa, anavyouzungushia vidole. Methali zote mbili zinatuhimiza tuwahi wakati, na hakuna hata moja inayotaja kiboko.

Hoja ya pili ni kwamba sisi tumechapwa na tumekua, na kwamba mahali ambapo kila mtoto anachapwa, kuchapwa hakumuumizi mtoto moyoni. Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mwaka 2005 Jennifer Lansford na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand, kwa akina mama 336 na watoto wao. Walikuta kwamba mahali ambapo adhabu ya viboko ni jambo la kawaida, uhusiano wake na ugomvi na wasiwasi wa watoto ni hafifu zaidi kuliko mahali ambapo si kawaida. Lakini haukutoweka. Hata pale palipozoeleka, waliochapwa mara nyingi zaidi ndio waliokuwa na ugomvi zaidi na wasiwasi zaidi. Na kwetu Tanzania, uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na robo tatu ya wavulana walipitia ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mateso na adhabu ya kikatili, ingawa imeacha nafasi ya kumrekebisha mtoto kwa kiasi kinachofaa. Nafasi hiyo ndiyo ambayo wengi wetu tumeipanua hadi ikameza katazo lenyewe.

Mtu asitoke hapa akasema mwalimu ametuambia tuwadekeze watoto. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hiyo naiamini kwa moyo wote. Mtoto hana budi kulia wakati mwingine: atalia akinyimwa soda ya pili, atalia akiambiwa azime televisheni alale, atalia akitakiwa kumrudishia mwenzake mpira na kumwomba radhi. Mzazi anayekubali kila kitu ili kilio kinyamaze anamnyima mtoto nafasi ya kujifunza kwamba huzuni huja na hupita. Kazi yako ni kulishikilia neno lako na kubaki naye hapo anapolia. "Najua umekasirika. Soda haipo. Njoo ukae hapa." Maneno machache kama hayo yana upendo na msimamo kwa pamoja. Amri za nyumbani ziwe chache, mtoto azijue na sababu zake, na zisibadilike kulingana na uchovu wa mzazi. Akivunja kikombe, afagie vipande kwa uangalizi wako. Akichelewa kurudi kabla ya magharibi, kesho asitoke kucheza. Adhabu inayotokana na kosa lenyewe mtoto anaielewa, na ndiyo inayomfundisha.

Nizungumze sasa juu ya nani anayemwitikia mtoto, kwa sababu wengi wenu mnatoka saa kumi alfajiri kwenda sokoni au baharini na mnarudi giza limeingia. Anayeshinda na mtoto wako ni bibi, ni dada yake mkubwa, au ni binti wa kazi. Binti huyo mara nyingi ana miaka michache kuliko tunavyokiri, na yeye mwenyewe yuko mbali na mama yake. Unamfokea asubuhi mbele ya mtoto, unamnyima chakula kama anachokula mwanao, kisha unatarajia kwamba mchana kutwa atamjibu mwanao kwa upole ambao yeye hajaupata kwa mtu yeyote nyumbani humo. Ninalisema hili kwa uchungu. Mtendeeni mema, mfundisheni kumwimbia mtoto na kumsimulia hadithi, na mkirudi jioni mumuulize habari za mtoto naye akae aeleze.

Wapo wanaowapeleka watoto wa miaka mitano au sita bweni wakiamini kuwa wanawatafutia elimu bora. Mwaka 2023 Serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali maalumu, na mimi niliifurahia hatua hiyo, kwa kuwa katika umri huo hakuna mlezi mmoja wa bweni, hata awe na huruma kiasi gani, anayeweza kuitikia hodi za watoto arobaini kila usiku.

Na ninyi akina baba, naomba mnisikilize kama dada yenu. Katika nyumba nyingi baba hutumiwa kama fimbo ya kuhifadhiwa: mtoto akikosa asubuhi, anaambiwa, "Ngoja baba yako arudi," na mchana wote anaisubiri sauti ya pikipiki kwa hofu. Kina mama, tuache desturi hii, tunawanyang'anya watoto baba zao. Nanyi akina baba, mkifika nyumbani wekeni simu kando walau hadi watoto walale. Mtoto aliyeita "baba" mara tatu na kumwona baba yake akiendelea kutazama kioo cha simu amebisha hodi zake zote.

Mtu aweza kuniambia kwamba haya yote yanawezekana kwa wenye nafasi. Huko Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wote wa familia maskini, wote wamedumaa. Kwa kundi mojawapo, wahudumu wa afya ya jamii walifika nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja tu, kwa miaka miwili. Walimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, kumtajia majina ya vitu na kumsifu, wakitumia vifaa vilivyotengenezwa kwa mkono. Watoto hao walipofuatiliwa wakiwa watu wazima wa miaka 22 hivi, waliopata huduma hiyo walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuipata. Umaskini wa familia zile haukuondolewa, na hakuna aliyewajengea nyumba. Akina mama wale walikuwa maskini kama sisi, na baadhi yao zaidi yetu.

Kwa sababu hiyo, Afisa Ustawi wa Jamii na wahudumu wa afya ya jamii wa kata yetu wameniomba niwatangazie kwamba kuanzia Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tutakutana hapa chini ya mwembe kutengeneza vifaa vya kuchezea watoto wetu. Leteni chupa tupu za plastiki na vizibo vyake, maboksi, vipande vya kanga zilizochakaa, mbegu kubwa na makopo yasiyo na makali. Wenye watoto wadogo waje nao, na mabinti wa kazi waje pia, wasiachwe nyumbani kufua. Benchi za mbele nimeomba ziwekwe kwa ajili ya akina baba. Nitakuwepo tangu saa mbili na nusu, na hata atakayechelewa asirudi nyumbani kwa aibu; abishe hodi pale getini, tutamwitikia.